Mnirudishie Tumbo la Mume Wangu

Kisangani, Ijumaa, mwezi wa kumi 1976

Kwa Citoyen Docteur, zahanati ya mtaani kwetu

Citoyen Docteur,

Naanza kwa heshima, maana nimelelewa, na nitajitahidi heshima hiyo ifike mpaka mwisho wa barua. Isipofika, ujue imechoka njiani.

Miye ni Citoyenne Philomène, mke wa yule mkuu wa ofisi uliyempima mkojo mwezi wa tatu, mvua zilipoanza. Kwenye fishi yako ya mgonjwa ameandikwa Citoyen Kasongo, kwa sababu majina ya ubatizo tuliambiwa na Serikali tuyaweke chini, nasi tukayaweka. Lakini ndani ya nyumba yangu anaitwa Lambert, na huyo Lambert ndiye ninayekuja kumdai.

Utakumbuka siku ile. Uliuchemsha mkojo wake ndani ya kichupa pamoja na dawa ya bluu, na ile bluu ikageuka kijani. Ukamweleza kwamba ingekuwa nyekundu angekuwa na ugonjwa wa sukari kabisa. Kwa kuwa ni kijani, ugonjwa bado haujaingia, uko mlangoni tu, na akipunguza chakula na kuutembeza mwili utarudi ulikotoka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi chini ya dirisha lako na nilisikia yote. Nikamshukuru Mungu. Mgeni aliye mlangoni si anaambiwa tu kwamba mwenye nyumba hayupo, naye anaenda zake? Sikujua kwamba wewe na mume wangu mtamfungulia vita, na kwamba vita yenyewe mtaipigania jikoni mwangu.

Bon. Ili usome bila kuchoka, nimepanga malalamiko yangu kwa hesabu, kama masista walivyotufundisha.

1. Kuhusu tumbo lenyewe. Lambert alipofika hapa kutoka Maniema alikuwa mwembamba kama mpini wa kasia. Kaka zangu walicheka, wakauliza kama nimeolewa na mtu au na kivuli chake. Lile tumbo uliloliona siku ile, Citoyen Docteur, nililijenga miye, kwa lituma ya ndizi za kuponda na sombe ya majani ya muhogo na mawese na wali, mwaka baada ya mwaka, bila kupumzika hata wakati nina mimba. Kwenye mji huu mwanamke hawezi kuzunguka na cheti kinachosema anajua kutunza nyumba. Cheti chake anabebewa na mumewe, mbele, chini ya vifungo, na kila mtu anakisoma. Changu kilikuwa kinasomeka kutoka ng'ambo ya pili ya barabara. Wewe umekichukua bila hata kuniuliza kama nina kingine.

Sasa ile abacost yake ya kazi, suti yetu isiyo na tai, inatangulia, yeye anaifuata kwa ndani. Fundi Émile ameipunguza, akaipunguza tena, na mara ya mwisho aliniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Nilimjibu kwamba amani ipo, kinachokosekana ni mafuta.

2. Kuhusu chakula. Ulimwagiza ale samaki wa kuchemsha, majani bila mawese, kwanga ya muhogo kipande kisichopita ngumi yake, na chai bila sukari. Citoyen Docteur, miye ni mtoto wa Wagenia. Nimezaliwa na kulelewa pale kwenye maporomoko, kaka zangu ndio wanaotega vile vikapu vikubwa kati ya mawe, kwa hiyo mambo ya samaki usinifundishe. Samaki huyo amekaa majini maisha yake yote. Watu wamehatarisha roho zao kumtoa. Halafu wewe, mtu uliyesoma, unaagiza arudishwe majini?

Nilipika hivyo siku moja. Harufu iliyotoka jikoni ilikuwa ya mtu anayefua nguo. Jirani yangu Mama Colette alinitumia chumvi, pamoja na salamu za pole. Tangu siku hiyo napika vyungu viwili: cha Lambert, kidogo, kile chako cha kufua nguo, na kingine kikubwa chenye mawese na pilipili kwa ajili ya pua za majirani, ili wajue kwamba humu ndani watu wanakula. Watoto ndio wanaokimaliza hicho kikubwa. Wao hawana lalamiko lolote juu yako, na wanakutaja katika sala za jioni.

Na usifikiri kwamba Lambert ananisaidia. Zamani nikimwekea firigisi la kuku, haki yake ya baba wa nyumba, alikuwa analila akifumba macho. Juzi alilitazama, akaliweka pembeni ya sahani, akaondoa ngozi yote ya kuku na mafuta yake, akala majani kwanza, halafu akaniuliza kama majani bado yapo. Mwanamume mzima anaomba kuongezwa majani! Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba.

3. Kuhusu kutembea. Ulimwambia atembee kila asubuhi. Hukufikiria kwamba yeye ni mkuu wa ofisi, na mkuu wa ofisi anafuatwa na jeep. Jeep inakuja, Constant, dereva, anashuka na kufungua mlango. Lambert anamsalimia vizuri, anampa mkoba wake auweke kwenye kiti, kisha anashika njia kwa miguu. Constant anaogopa ofisini watasema amemtupa mkubwa wake, donc anamfuata nyuma polepole. Basi kila asubuhi mtaa mzima unatazama: mkubwa mbele, kwa miguu, na gari tupu nyuma yake limebeba mkoba.

Katika nchi yetu hii, mkubwa akionekana kwa miguu sababu ni moja tu: jina lake limesomwa kwenye redio, na si kwa kupongezwa. Wanawake wa mtaa walikuja kwangu siku ileile. Walivua vitambaa vya kichwa, wakatandika mikeka, wakanyoosha miguu kama kwenye matanga. Niliwaambia Lambert hajafukuzwa. Wakaniambia ndiyo, mama, useme hivyohivyo, ujikaze. Niliapa. Wakasema maskini, bado hajaamini. Hawakuondoka mpaka nilipowapikia, na walipokuwa wanakula walisifu kazi ya marehemu.

Ofisini ndiyo balaa zaidi. Mkurugenzi wake aliona ile jeep, akaogopa. Kuuliza Kinshasa kama Lambert amefukuzwa hawezi, maana mtu akiuliza anajulikana. Basi akaanza kumnyima karatasi za kutia sahihi. Halafu usingizi ukamkosa, akafikiri: labda Lambert amepandishwa cheo kwa siri na anatembea ili kuwachunguza watu. Akamrudishia karatasi zote na zake mwenyewe juu yake. Constant ndiye aliyenipa habari hizi. Lambert mwenyewe hajui chochote, anasema tu kwamba siku hizi kazi imekuwa nyingi na pumzi anayo ya kutosha.

4. Kuhusu kaputula. Hapa naomba ukae vizuri, kwa sababu hapa umemgusa mama yangu.

Baada ya kuzoea kutembea, Lambert akaanza kukimbia, na kukimbia akaona hakuwezekani na suruali. Alinunua kaputula nyeupe. Na katika njia zote za mji huu, akachagua ile ya maporomoko, eti hewa ya pale inaingia vizuri kifuani. Njia hiyo inapita mbele ya uwanja wa mama.

Sijui kwenu ikoje. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani hovyo. Mama akija kwangu anakaa ubavu, Lambert anakaa ubavu, na salamu zinapitia kwangu katikati. Tangu harusi hadi leo mama hajawahi kuona hata kiwiko cha mkwe wake. Sasa siku hiyo anafagia uwanja, anainua kichwa, anakutana na mapaja. Alitupa ufagio akakimbilia ndani. Mtu mwingine angeona aibu akapita haraka. Lambert yeye ni mtu wa adabu, akasimama ili asalimie. Na kwa kuwa ulimwonya asisimamishe mwili ghafula akiwa na jasho, alisalimia huku anaruka palepale, juu chini, juu chini, akiuliza kama mama ameamka salama.

Wajomba zangu walimtoza mbuzi. Lambert hakubisha, alikubali kosa. Lakini mbuzi huyo alimpeleka kwa mbio, kamba mkononi, ili asipoteze zoezi la asubuhi. Mbuzi alifika ulimi nje, mbavu zinahesabika. Wajomba walimtazama mbuzi, wakamtazama Lambert, wakasema nyumba ya Philomène inakondesha kila kinachoingia.

Mpaka leo mama anajifungia ndani kila asubuhi, hafagii, hachoti maji, anasubiri mkwe apite kwenda na apite tena kurudi. Ananiuliza ugonjwa gani huu, ambao mgonjwa anakimbia na wazima ndio wanaolazwa. Jibu nimekuachia wewe.

5. Kuhusu salongo na ngoma za Chama. Unajua kwamba Jumamosi kila raia anatoka na jembe kwa kazi ya pamoja. Zamani Lambert alikuwa anatoka na jembe kama sisi wote, analiegemea, anatoa maoni. Sasa eti ni nafasi ya kutoa jasho. Alichimba mtaro wa barabara yetu peke yake, kona hadi kona, na alipomaliza akauliza kama barabara ya pili nayo haina shida. Mkuu wa mtaa alifurahi sana. Ametangaza kwamba huo ndio utakuwa mfano kwa kila mwanamume. Majirani hawamsemeshi Lambert, wananisemesha miye, na maneno yao siwezi kuyaandika kwa mtu wa heshima kama wewe.

Ofisini asubuhi, kabla ya kazi, wanacheza na kuimba kuwasifu wakubwa, kama kila ofisi. Lambert alikuwa mstari wa nyuma, karibu na ukuta, anapiga makofi. Sasa anapandisha magoti mpaka kifuani. Wamemweka mstari wa mbele, katikati ya wasichana wa ngoma. Nisikufiche, Citoyen Docteur. Mwanamume mwenye tumbo nilikuwa namwacha katikati ya wanawake kama mtu anavyoacha jiwe la kusagia nje ya nyumba. Nani atahangaika kulibeba? Sasa kuna Françoise mmoja, mpiga taipu, ameanza kumwuliza anakula nini. Anakula nini! Ajaribu tu kuja kukionja.

6. Kuhusu jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Hapo juu unaweza kucheka, hata miye nimecheka kidogo nilipokuwa naandika habari za mbuzi. Hapa usicheke.

Habari za kukonda kwa Lambert zilifika Kindu. Kaka yake mkubwa, ambaye kwa heshima ya ukubwa huo tunamwita Yaya Feruzi, ndiye kichwa cha ukoo tangu baba yao afariki. Alipanda mashua hadi Ubundu, kutoka Ubundu akachukua treni, na Jumanne akawa mlangoni kwangu. Huyo ni mtu mwenye tumbo la zamani, lile la kweli; akikaa, kiti kinajieleza. Alimkumbatia mdogo wake, mikono ikamzunguka yote na nafasi ikabaki, akalia. Halafu akanitazama miye. Afadhali angenitukana.

Hakuja peke yake. Amekuja na msichana wa ukoo wao, jina lake Binti, mwenye adabu, mashavu ya kutosha, ambaye eti anasifiwa kwa upishi toka Kindu hadi mji wa Kasongo. Anakaa jikoni mwangu tangu asubuhi. Anainua vifuniko vya vyungu vyangu, anatazama ndani, anavirudisha taratibu kama mtu anayefunika uso wa marehemu.

Kikao cha familia ni Jumapili baada ya misa. Nimeshajua kitakavyokwenda. Watasema mwanamke huyu anamnyima ndugu yetu chakula, au anamla kwa njia nyingine, ya usiku, isiyoonekana. Nitarudishwa kwa mama yangu kwenye maporomoko, na kwao watoto ni wa ukoo wa baba. Watabaki. Watatu wote, pamoja na huyu mdogo ambaye bado halali bila kushika sikio langu. Citoyen Docteur, tumbo la Lambert nililipenda, lakini ningeweza kulizika na kuendelea kuishi. Watoto siwezi.

Nimempigia Lambert magoti awaeleze habari za kichupa na ile rangi ya kijani. Anakataa. Anasema ukiwaambia jamaa kwamba ugonjwa uko mlangoni, hawataulizana utaondokaje, wataulizana nani ameutuma, na mtu wa kwanza watakayemtazama ni miye. Hapo ana haki, siwezi kumbishia. Basi yeye ananyamaza ili kunilinda, na kwa kunyamaza huko naangamia.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na naomba kwa unyenyekevu.

Kwanza, umrudishie tumbo lake kabla ya Jumapili. Sidai lote. Hata nusu inatosha, mradi ionekane mtu akikaa. Daktari anayejua kuondoa anajua na kurudisha, la sivyo si udaktari, ni wizi.

Pili, kama dawa ya kurudisha haipo, uniandikie karatasi yenye mhuri mkubwa, inayosema kwamba Citoyenne Philomène anapika, tena kwa mafuta, na kwamba kukonda kwa mumewe kumetokea kwa amri ya Serikali. Mhuri uwe wa rangi nyekundu. Yaya Feruzi hasomi sana, lakini mhuri anauheshimu.

Tatu, kama hata karatasi haiwezekani, basi mkondeshe watu wote. Ninasema kweli. Aibu yangu inatoka wapi, kama si kwa sababu Lambert amekonda peke yake? Mkondeshe kwanza mtaa wetu, kisha mji, kisha mkoa mpaka Opala na Bafwasende, kila raia na samaki wake wa kuchemsha, kila mkuu na jeep yake nyuma. Nchi nzima ikiwa nyembamba hakuna mke atakayeulizwa. Mngeanzia juu na kushuka chini, ingawa sijui kama wale wa juu watakubali kuwa wa kwanza kupimwa mkojo.

Nakuomba unijibu kwa mkono wa Constant, anapita mbele ya zahanati kila asubuhi na mwendo wake unaujua, ataweza kupokea bila hata kusimama. Umsalimie mke wako, umwambie nampa pole kama na wewe unakula unayoyaagiza. Umsalimie na yule infirmière, muuguzi wako anayechemsha vichupa. Watoto wanakusalimia sana kwa sababu ya kile chungu kikubwa. Mama hakusalimii kwa sasa, lakini hasira yake huwa haifiki Krismasi.

Ni miye, kwa heshima iliyobaki,

Citoyenne Philomène

P.S. Leo ni Jumapili jioni. Ijumaa nilimaliza Constant ameshapita, jana ilikuwa salongo, na leo nimempata wa kuileta barua hii: ni Yaya Feruzi mwenyewe, yuko kwenye jeep na Constant. Najua ni siku yako ya kupumzika, lakini tafadhali usimwache arudi nyumbani bila kumwona.

Kikao kilianza. Yaya alikaa katikati, akaomba kigoda cha kuwekea mguu, halafu akaomba avuliwe kiatu kwa sababu kinambana. Kilipotoka, harufu ilijaza nyumba. Ana kidonda chini ya dole gumba, kimeingia mpaka ndani, anacho tangu kiangazi, hakimwumi, ndiyo maana hakujali. Anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani na usiku halali kwa kwenda kukojoa. Lambert akainuka, akaomba maji ya moto, akapiga magoti mbele ya kaka yake na kuanza kumwosha. Hapo ndipo alisema mambo ambayo hata miye mkewe hajawahi kuniambia. Baba yao alianza hivyohivyo, kidonda kidogo kisichouma. Yaya alikuwa mbali, kazini. Lambert, mwaka ule anamaliza shule, ndiye aliyekuwa na mzee hospitalini walipokata mguu wa kwanza, na walipokata wa pili. Yaya aliambiwa ni uchawi. Mzee alikufa akiuliza viatu vyake viko wapi.

Yaya akamwuliza kwa nini basi anakimbia mjini kama mwenda wazimu, akimwaibisha mke na ukoo. Lambert alijibu bila kuinua kichwa, anaendelea kuosha: "Yaya, miye nakimbia kwa sababu bado niko na miguu."

Hakuna aliyehukumu kitu. Yaya alilia, nami nikalia, Binti alipewa kazi ya kubadilisha maji. Nimefungua barua hii ili kuongeza maneno haya tu. Yaya mpime leoleo, na umwokoe mguu huo, anayoyasema juu ya waganga wa Kindu usiyasikilize. Watoto wangu nao ukipata nafasi uwapime, ni damu ileile, na kile chungu kikubwa nimekivunja.

Kwa yale ya juu, moja hadi sita, yawashie moto. Lambert usimrudishie kitu. Huyo mwembamba ni wangu, na akipita mbele yako asubuhi, umwache apite.